Ninaelewa kila video ya Kihispania, mbona ulimi haufunguki?

"Mwalimu, salamu. Nina umri wa miaka 38 na kwa miezi minne sasa ninajifunza Kihispania cha mwanzo kwa video fupi za kwenye simu, dakika kama 40 kila siku. Nimehifadhi video zaidi ya 300, na ninapozitazama naelewa karibu kila kitu. Juzi nilikutana na mtu anayezungumza Kihispania. Nikasema hola, kisha nikakwama, na yeye alipoendelea kuzungumza sikushika hata neno. Nimesoma mahali kwamba mtu akisikiliza vya kutosha lugha humjia yenyewe kama inavyomjia mtoto. Je, niendelee kusubiri? Au umri umenipita? Nifute programu hizi nikalipie darasa?"

Nikutoe hofu kwanza. Kilichokupata mbele ya mtu yule huwapata wanafunzi wengi wanaosoma kwa njia unayoitumia wewe, wawe na miaka 18 au 60, na hakina uhusiano na uzito wa kichwa. Umeuliza kuhusu kusubiri, kuhusu umri na kuhusu darasa, lakini maswali hayo yote yanategemea jambo moja: inawezekanaje mtu aelewe kitu kila siku kwa miezi minne, na siku ya kukihitaji asikipate? Tukilijua hilo, la darasa litajijibu lenyewe.

Kutambua neno na kulitoa kichwani ni kazi mbili tofauti. Unaweza kukutana na mtu uliyesoma naye zamani, ukaijua sura yake mara moja, na jina lake likakataa kabisa kuja. Video fupi hukuzoesha kazi ile ya kwanza tu. Mfundishaji anasema ventana, kidole chake kinaonyesha dirisha, maandishi ya tafsiri yanatokea chini, na yote hayo yanakwisha kabla akili yako haijapata nafasi ya kujiuliza chochote. Jibu limefika kabla ya swali. Unapoirudia video hiyo kesho unasema moyoni "hili nalijua", na ni kweli unalijua likiwa mbele yako, lakini hujawahi hata mara moja kulitafuta likiwa halipo.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi makala fupi za kusoma. Baadhi waliambiwa wazisome tena na tena. Wengine waliambiwa wafunike makala na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walikuwa wamehifadhi zaidi, na kwa tofauti ya wazi. La kuzingatia ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba watakumbuka. Ule wepesi unaousikia unapotazama video zako 300 ni wa aina hiyohiyo, na ndio unaokudanganya kuhusu umefika wapi.

Kuna tatizo la pili, nalo limo katika programu zenyewe kuliko katika akili yako. Mpangilio unaokuletea video umetengenezwa ili usiondoke, kwa hiyo hukuletea kinachovutia, si kinachofuata. Jumatatu unapata salamu, Jumanne unapata hali ya vitenzi ambayo mwalimu wa darasani angeileta mwaka wa pili, Jumatano misimu (lugha ya mitaani) ya vijana wa Meksiko, na Alhamisi mtu wa Hispania anakufundisha vosotros, neno la "ninyi" ambalo watu wa Amerika ya Kusini na ya Kati kwa kawaida hawalitumii, kwani wao husema ustedes. Video moja itakuambia alfabeti ya Kihispania ina herufi 29, na nyingine itakuambia 27. Ya pili ndiyo sahihi leo, kwa sababu mwaka 2010 vyuo vya taaluma ya lugha hiyo viliondoa ch na ll katika orodha ya herufi, lakini aliyerekodi ya kwanza alifundishwa zamani na hakuna aliyemsahihisha. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, Guinea ya Ikweta ikiwamo, na mwanafunzi wa mwanzo anayerushwa kutoka lafudhi moja hadi nyingine kila sekunde 40 hapati nafasi ya kuzoea hata moja. Kumbukumbu inataka kurudiwa kwa vipindi: leo, kesho, baada ya siku nne, baada ya wiki mbili. Kidole kinachotelezesha kioo kinataka kipya tu.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu nadhani hapa utashangaa. Dakika 40 kwa siku 120 ni saa 80. Chukua video kumi kati ya ulizohifadhi, shika saa ya kupimia, na uhesabu sekunde ambazo Kihispania kweli kinasikika. Katika video nyingi za mafunzo, mfundishaji hutumia muda mwingi akieleza kwa lugha nyingine, akitania, au akikuomba umfuate. Kihispania chenyewe kikiwa robo, saa zako 80 zimebaki 20. Kwa kulinganisha, chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kinachofundisha wanadiplomasia hukadiria wiki 24 hadi 30, yaani saa kati ya 600 na 750 za darasani, kumfikisha mzungumzaji wa Kiingereza kwenye Kihispania cha kufanyia kazi. Wewe huhitaji kiwango hicho ili kuulizia njia au kujitambulisha, na sikutajii takwimu hiyo ili nikukatishe tamaa. Naitaja ili uache kujilaumu kwa kukosa mavuno ya shamba ambalo hujalilima, na ili utakapokutana tena na video inayoahidi Kihispania ndani ya siku 30 uipite.

Kuhusu lile la mtoto, lina ukweli ndani yake, ila limekatwa katikati. Mtaalamu wa isimu Stephen Krashen alijulikana tangu miaka ya 1980 kwa hoja kwamba lugha huingia kwa kusikia na kusoma mambo tunayoyaelewa, yenye ugumu uliozidi kidogo tu kiwango chetu. Mpaka leo walimu wengi, nami nikiwa mmoja wao, tunaona kwamba bila kusikia kwingi hakuna lugha. Lakini mwaka 1985 mtafiti wa lugha Merrill Swain aliandika kuhusu wanafunzi wa Kanada, wazungumzaji wa Kiingereza, waliokuwa wakisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka. Walielewa vizuri sana, na bado usemaji wao ulibaki na mapengo mengi ya sarufi. Hoja yake ni kwamba mtu anapolazimika kusema ndipo anapogundua asichokijua. Tena mtoto hasikilizi tu. Anaitwa, anaulizwa, anajibu vibaya, anarekebishwa, anadai kitu na kukataliwa, kuanzia asubuhi hadi usiku kwa miaka. Video haikuulizi kitu, na ukikosea haijui.

Umri nao haukukuzuia. Matamshi yasiyo na lafudhi ya kigeni kweli huwa magumu zaidi kwa aliyeanza ukubwani, lakini katika miezi ya mwanzo mtu mzima huenda haraka kuliko mtoto, kwa sababu anaweza kuelezwa kanuni na kuitumia siku hiyohiyo. Nawe una jambo jingine ambalo video zako hazikuambii, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiingereza: lugha yako yenyewe imekutangulizia njia.

Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawasawa na za Kiswahili. Herufi ñ ni ny yetu. Mkazo wa neno linaloishia na irabu, au na n au s, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi tunavyosema kitabu na nyumbani. Maneno mengine yasiyo na alama hukazwa mwishoni, na alama ndogo juu ya irabu huwekwa pale kanuni inapovunjwa. Hapo ndipo Mswahili anapojikwaa, kwa kuwa mazoea humvuta kukaza palepale kila mara. Termino ni "ninamaliza", terminó ni "alimaliza", na término ni "mwisho" au "istilahi". Yaseme kwa sauti mara kumi na utaona ulimi unavyogoma. Tahadhari pia na r na rr, kwa maana pero ni "lakini" na perro ni "mbwa". H haitamkwi kabisa, na j ni ile kh ya kukwaruza koo ambayo baadhi yetu huitoa tunaposema kheri.

Sarufi nayo haitakuwa ngeni kwako. Wanafunzi wengine hulalamika kwamba nomino za Kihispania zina jinsia mbili na kwamba kivumishi lazima kifuate nomino yake: libro rojo, libros rojos (kitabu chekundu, vitabu vyekundu), casa roja, casas rojas (nyumba nyekundu, moja na nyingi). Mtu aliyekulia katika kitabu kizuri na vitabu vizuri, akiwa na ngeli zaidi ya mbili kichwani, hana sababu ya kulitetemekea jambo hilo. Mzungumzaji wa Kiingereza hushangaa kuona neno la "wewe" likitangulia kitenzi katika te veo; wewe umekuwa ukisema nakuona maisha yako yote, na ile -ku- ndiyo te. Kitenzi cha Kihispania hubeba mtenda ndani yake, hivyo hablo peke yake ni "nasema" na hablas ni "unasema", ila wao huweka alama hiyo mwishoni nasi huiweka mwanzoni.

Hata ser na estar, vitenzi viwili vinavyowatoa jasho wengi, unaweza kuvishika kwa Kiswahili. Penye "ni" mara nyingi pana ser: el libro es bueno, kitabu ni kizuri. Penye "-ko", "-po" au "-mo" pana estar: el libro está en la mesa, kitabu kiko mezani. Na hali nyingi tunazozieleza kwa -me- huangukia estar pia: estoy cansado, nimechoka; la puerta está cerrada, mlango umefungwa. Hii ni fimbo ya kutembelea, na haitakufikisha kila mahali. Mahali pa tukio hutaka ser, kwa hiyo sherehe ikiwa nyumbani kwangu nitasema la fiesta es en mi casa. Lakini kwa mwanzo fimbo hiyo inatosha. (Saa ndizo zitakazokupotosha: son las tres de la tarde ni saa tisa alasiri, na nimeona watu wazima wakikosa miadi kwa hilo.)

Basi video zifanyweje? Nitakuonyesha kwa moja, kwa sababu maelezo ya jumla ndiyo yaliyokufikisha hapa. Tuseme unayo video ya nusu dakika ambamo mgeni anaulizia njia:

Perdone, ¿dónde está la estación?
Está cerca. Todo recto y la segunda a la derecha.
¿Se puede ir a pie?
Sí, son cinco minutos.

(Yaani: Samahani, stesheni iko wapi? Iko karibu. Moja kwa moja mbele, kisha njia ya pili upande wa kulia. Mtu anaweza kwenda kwa miguu? Ndiyo, ni dakika tano.)

Siku ya kwanza, isikilize ukiwa umefumba macho, mara tatu, bila maandishi. Andika unachosikia, hata kama ni nusu neno. Kisha fungua maandishi ya Kihispania, yale ya Kihispania na si ya tafsiri, ulinganishe. Utagundua, kwa mfano, kwamba dónde está ulilisikia kama neno moja. Hapo ndipo palipokuangusha juzi: ulijifunza maneno yakiwa yametenganishwa na kutamkwa polepole, naye akakupa yaliyoungana. Tafsiri iangalie mwisho, mara moja, kisha uifunike. Siku ya pili, cheza sentensi moja, simamisha, iseme kwa sauti, cheza tena na uifuate papo hapo kama mwangwi. Kasi ikikuzidi ipunguze hadi robo tatu. Siku ya tatu zima sauti kabisa, tazama midomo ya mgeni, na uyaseme maneno yake kabla hujaruhusu video ikusahihishe. Hilo la siku ya tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, na ndilo utakalotamani kuliruka, kwa sababu linaumiza kidogo. Siku ya nne badilisha vitu: benki badala ya stesheni, kushoto badala ya kulia, mbali badala ya karibu. Andika Kiswahili upande mmoja wa kadi na Kihispania upande wa pili, uanze kila mara na upande wa Kiswahili. Baada ya wiki moja irudie bila kuitazama kwanza.

Kwa mwendo huo utagundua mambo ambayo kutelezesha kusingekuonyesha kamwe. A la derecha ni "upande wa kulia", lakini katika nchi nyingi za Amerika derecho ni "moja kwa moja mbele", pale Mhispania anaposema recto. Irabu moja ya mwisho inatosha kukupeleka mtaa usio wako. Mtu aliyeisikia mara 30 katika mazungumzo mafupi manne ataishika. Aliyeipita mara moja kati ya video 60 za jioni hiyo hataikumbuka hata kuwepo kwake.

Sasa la kufuta programu. Mimi nisingeifuta. Video fupi zina faida ambayo kitabu hakina: sauti za watu halisi, sura, ishara za mikono, na urefu unaoweza kurudiwa mara 20 bila kuchoka. Ubaya wake ni kutokuwa na mpangilio na kutokuwa na mwisho, na yote mawili unaweza kuyazuia. Chagua mfundishaji mmoja au wawili wa lafudhi moja, uingie moja kwa moja kwenye ukurasa wao bila kupitia mkondo wa mapendekezo, na ufanye video mbili au tatu kwa wiki badala ya makumi kwa siku. Dakika zako 40 zigawe: kama 15 za video hizo, 10 za kadi, na zinazobaki za kusikiliza kitu kirefu cha wanaoanza, hadithi nyepesi au mazungumzo ya dakika tano hadi kumi, ili sikio lizoee kustahimili. Tafuta pia kitabu kimoja cha kiwango cha A1, yaani cha wanaoanza kabisa, kikupe ngazi. Chochote kinachofuata mpangilio kitafaa, wala sioni haja ya kupoteza wiki nzima ukitafuta kilicho bora.

Kama huwezi kuingia kwenye programu bila kujikuta saa moja baadaye ukitazama mapishi na michezo, hapo nabadili ushauri wangu: pakua video kumi, zihifadhi nje ya programu, kisha uifute.

Darasa linategemea unachotaka. Kwa ajili ya kujifurahisha na kusalimiana, huhitaji kulipa karo ya muhula mzima sasa. Unachohitaji ni mtu wa kukujibu, hata nusu saa kwa wiki, awe mwalimu wa binafsi au mzungumzaji wa Kihispania anayetaka kujifunza Kiswahili, mkabadilishana. Kukutana na mtu mmoja kila wiki kutakufanyia zaidi ya kuongeza muda wa video maradufu, kwa kuwa wiki nzima utakuwa ukijua kwamba Alhamisi utaulizwa.

Ziko hali ambazo nisingesubiri kabla ya kumwona mwalimu ana kwa ana. Ya kwanza ni pale unapohitaji cheti cha masomo, kazi au uhamiaji. Mitihani ya DELE, ile ya cheti cha Kihispania inayosimamiwa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha hiyo, hupima kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza kila kimoja kwa upande wake, na hakuna video itakayosahihisha insha yako. Ya pili ni pale unapojirekodi na kujisikiliza na bado huoni tofauti kati ya pero na perro, au kati ya hablo na habló. Kosa usilolisikia huwezi kulirekebisha peke yako, na likikaa mwaka mzima huwa gumu kung'oka. Ya tatu ni iwapo umefuata utaratibu huu kwa dhati kwa wiki nane na bado huwezi kujitambulisha kwa sentensi tano bila kusoma. Mwalimu akikusikiliza kwa saa moja ataona penye kizuizi. Na kama maneno hukupotea hata unapozungumziwa kwa lugha yako mahali penye kelele, muone daktari wa masikio kabla ya mwalimu yeyote.

Jambo la mwisho ni la leo hii, kabla hujafungua video yoyote. Ulikwama juzi mara mbili, pale uliposhindwa kusema na pale uliposhindwa kushika jibu, na kwa hilo la pili zipo sentensi ambazo wafundishaji wa video hawazipendi kwa kuwa hazisisimui: No entiendo, sielewi. Más despacio, por favor, polepole zaidi, tafadhali. ¿Puede repetir?, unaweza kurudia? Na ¿cómo se dice...?, ambayo ukiiunganisha na kuonyesha kitu kwa kidole utapewa neno lenyewe. Zifanyie zoezi la siku ya tatu mpaka zitoke bila kufikiri, kisha mtafute yule mtu wa juzi.